Mzee anayerudi wodini na yule asiyeonekana tena

Tangu Oktoba 2012 serikali ya Marekani huzikata sehemu ya malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wazee, hasa wa moyo na mapafu, hurudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa. Hoja yenyewe haina utata: mgonjwa akirudi upesi, kuna jambo halikufanyika sawasawa. Wataalamu wa afya ya akili nao wametumia miongo kadhaa kutafuta ni wazee gani hurudi wodini na kwa nini, na majibu yao kwa sehemu kubwa yanafanana. Aliyewahi kulazwa mara nyingi ndiye atakayelazwa tena. Anafuatia anayeacha dawa, anayeishi peke yake, mwenye sonona au ugonjwa wa hisia mseto uliochanganyika na presha, sukari au pombe, na yule aliyeruhusiwa bila kupewa mahali pa karibu pa kuendelea na matibabu. Sina ugomvi na orodha hiyo. Tatizo linaanza pale unapoibeba ilivyo na kuipeleka Songwa, wilayani Kishapu, au kwenye vitongoji vya wachimbaji wadogo mkoani Geita. Huko kurudi hospitali kunataka nauli, kunataka mtu wa kumuuguza mzee, na kunataka kaya iliyokubali kwamba bibi anaumwa. Aliyekosa hayo harudi, na kwenye hesabu za wodi ataonekana kama aliyepona. Hoja ya makala haya ni kwamba kwa mzee wa Usukumani kurudi au kutorudi wodini huamuliwa nyumbani kwake kuliko mahali pengine popote, na kwamba tutaendelea kupima vibaya hadi tutakapoanza kumhesabu asiyerudi.

Tuanze na barabara. Songwa imepakana na mgodi wa almasi wa Mwadui, na kwa mambo mengi watu wake humaliza shida zao Maganzo. Mzee akianza kuchanganyikiwa, wa kwanza kumwona ni mganga wa zahanati, kisha pengine Hospitali ya Kolandoto, ambayo ni ya Kanisa la AICT, au hospitali ya rufaa ya mkoa kule Mwawaza. Akihitaji daktari bingwa wa magonjwa ya akili, safari inaendelea hadi Bugando, Mwanza, kama kilomita 160 kutoka Shinyanga mjini. Wachache hufikishwa Mirembe, Dodoma, hospitali iliyojengwa na Waingereza miaka ya 1920, na hiyo ni zaidi ya kilomita 500. Kwa watu wa Geita njia imefupika tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, maana zamani mgonjwa mwenye fujo alisubirishwa kivuko pamoja na malori. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na miongozo iliyofuata inataka mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na kwenye hospitali nyingi kuna dirisha la wazee. Ni jambo jema. Lakini bure hiyo inaanzia dirishani. Bodaboda ya kutoka kitongojini, basi la watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha anayeuguza na siku zake shambani zilizopotea msimu wa palizi, vyote hivyo havina msamaha. Ndiyo maana kliniki ya kila mwezi hugeuka kuwa kliniki ya kila baada ya mavuno.

Tukiangalia kile anachotoka nacho wodini, mengi yanaeleweka. Mara nyingi ni daftari la shule lenye maandishi ya daktari na vibahasha viwili vitatu vya vidonge, kimoja kimeandikwa 1x2, kingine 1x1 usiku. Kwa mzee asiyesoma, vidonge vyeupe vya kwanza na vyeupe vya pili ni kitu kimoja. Na dawa zinazopatikana kwa wingi kwenye vituo vyetu ni za kizazi cha kwanza, kama vile haloperidoli, klopromazini na amitriptilini. Zinafanya kazi, na zimeokoa wengi. Ila mwili wa miaka 70 huzipokea kwa namna yake. Haloperidoli humkakamaza, mikono ikatetemeka na hatua zikawa fupi. Klopromazini hushusha presha anapoinuka kitandani, akaanguka na kuvunja nyonga. Amitriptilini humfungia choo na mkojo, na kwa wazee wengine humwongezea mkanganyiko ule ule aliopelekewa hospitali. Baada ya wiki tatu wajukuu wanaona bibi aliyetoka wodini akitembea sasa hata kusimama anashindwa, nao wanaamua, kwa mantiki ambayo ni vigumu kuilaumu, kwamba dawa ndizo zinazomuua. Wanaziacha. Miezi miwili baadaye anarudishwa amefungwa kamba, na kwenye faili panaandikwa kwamba mgonjwa aliacha dawa. Neno hilo linabeba lawama isiyostahili. Aliyestahili kuulizwa ni yule aliyeruhusu mzee aondoke na dozi ya kijana, bila kupanga siku ya kupimwa presha akiwa amelala na akiwa amesimama, kipimo ambacho zahanati yoyote yenye mashine inaweza kukifanya.

Lipo jambo zito zaidi la nyumbani, na Shinyanga haiwezi kulikwepa. Ardhi ya huku ilikatwa miti kwa miongo mingi kwa ajili ya pamba, mifugo na kufukuza mbung'o, hadi serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kuirudishia uoto. Palipokosekana kuni, akina mama walipikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua. Moshi huo, miaka arobaini mfululizo ndani ya jiko lisilo na dirisha, huacha macho mekundu, na macho mekundu ya mwanamke mzee Usukumani, yanayochukuliwa kuwa dalili ya uchawi, yamegharimu maisha ya wengi. Simeon Mesaki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha jinsi Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, iliyowasogeza pamoja watu waliozoea kuishi kwa nafasi, ilivyochochea tuhuma kati ya majirani. Mchumi Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kutoka vijiji 67 vya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga, alikuta kwamba mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yaliongezeka karibu maradufu katika miaka ya ukame au mafuriko makubwa, na waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, mara nyingi kwa mikono ya jamaa zao wenyewe. Sasa weka juu ya hayo dalili za ugonjwa wa akili uzeeni: kutembea usiku, kuongea peke yake, kuvua nguo bila kujua, kuwatuhumu wakwe kwamba wamemwibia, kusimama mlangoni kwa jirani saa nane za usiku kwa kudhani ndiko kwake. Daktari anaona dimensia. Nzengo, yaani majirani wa kijijini, inaona ushahidi.

Kumruhusu mwanamke wa namna hiyo aende nyumbani, kwa sababu tu ametulia, ni uamuzi wa kitabibu wenye hatari isiyoandikwa katika kitabu chochote cha tiba. Akirudi wodini baada ya mwezi, huenda hakuzidiwa na ugonjwa hata kidogo. Huenda wodi ndiyo mahali pekee ambapo hakuna anayeulizia macho yake. Serikali inaijua hatari hii tangu ukoloni. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928 na bado imo vitabuni, inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru anayetajwa kwa uchawi akaishi mahali pengine. Yaani dola ilijifunza kumhamisha bibi mapema sana kuliko ilivyojifunza kumtibu. Makazi ya wazee ya Kolandoto, na yale ya Bukumbi wilayani Misungwi yaliyoanza kwa ajili ya wenye ukoma, yamekuwa kimbilio la wasio na pa kwenda, wakiwamo waliokimbia tuhuma. Hayawezi kuwa jibu la mkoa mzima, na wala hayakujengwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Lakini yanathibitisha kwamba swali la mzee huyu analala wapi akitoka hapa ni swali halali la kuulizwa na daktari, sawa na swali la sukari yake ikoje.

Kaya yenyewe nayo imepungua watu. Wasukuma wamehama na ng'ombe zao kwenda Katavi, Rukwa, Morogoro hadi Lindi. Vijana waliobaki hufuata rashi za dhahabu kila zinapotangazwa, leo Kahama, kesho Geita. Nyuma anabaki bibi na wajukuu wa shule ya msingi, na mara nyingi mtoto wa miaka 12 ndiye mwenye kuamua kama dawa zinanywewa. Tafiti za nje zinaposema kuishi peke yake ni kihatarishi, zinamfikiria mzee wa mjini katika chumba chake kimoja. Bibi wa Songwa anaishi na watu sita na bado yuko peke yake kwa maana inayohusika hapa, kwa kuwa hakuna mtu mzima mwenye sauti nyumbani, mwenye simu na mwenye elfu kumi ya dharura. Ukiuliza kwenye fomu kama anaishi na familia, jibu litakuwa ndiyo, na hatari itakuwa imefichwa na jibu hilo hilo.

Geita imeongeza kihatarishi chake, ambacho naona kinasahaulika mno. Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha hulichoma lile bonge kwenye kikaango au bati ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Wengi hufanya hivyo uani, na wengine jikoni. Mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki ulifika Rwamagasa, wilayani Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na madhara ya zebaki kiafya si siri tena. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata tangu mwaka 2020. Mvuke wa zebaki huingia kwenye ubongo. Anayeuvuta kwa miaka hutetemeka, hukosa usingizi, husahau, huwa mwoga na mwenye hasira za ghafla. Soma tena orodha hiyo na ujiulize mganga wa wodi asiyeuliza kazi ya nyumbani ataandika nini. Ataandika sonona, au dimensia, au wasiwasi, atatoa dawa, mzee atapata nafuu kwa kuwa kwa wiki kadhaa amepumua hewa nyingine, kisha ataruhusiwa arudi kwenye jiko ambalo mwanawe anachomea dhahabu. Hapo hakuna kidonge kitakachozuia asirudi. Na kama hakurudi, msidhani amepona.

Kuna watakaosema kwamba naipindua sayansi: kinachowarudisha wazee wodini ni ugonjwa wenyewe, kwa sababu dimensia haiponi na skizofrenia ni ya maisha. Kuna ukweli ndani yake. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta dimensia kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri, na hiyo ilizima dhana kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. Ila ugonjwa unaeleza kwa nini mzee alilazwa mara ya kwanza. Hauelezi kwa nini wawili wenye ugonjwa mmoja, dozi moja na umri mmoja, mmoja hurudi mara nne na mwingine hatumwoni tena. Mwaka 1958 George Brown na wenzake wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili baada ya kukaa muda mrefu. Waliokwenda kuishi na wazazi au wake zao waliharibikiwa zaidi kuliko waliokwenda kupanga vyumba au kukaa kwa ndugu zao. Kufikia mwaka 1972 walikuwa wameonyesha kwamba nyumba yenye lawama, uhasama na kuingiliana kupita kiasi ilitabiri kurudiwa na ugonjwa. Wale hawakuwa wazee wa Kishapu, nakubali. Lakini kama maneno makali ya mke wa London yanaweza kumrudisha mtu hospitali, tuhuma ya uchawi itafanyaje?

Pia si kila kichaa cha uzeeni ni ugonjwa wa akili. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo hamjui mwanawe, anashika vitu visivyoonekana hewani, huenda ana malaria, nimonia, upungufu wa maji au maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo kila mtu sasa huyaita UTI. Ubongo wa uzeeni huyumba kwa homa ambayo kijana angetembea nayo hadi sokoni. Huyu akipelekwa wodi ya akili, akachomwa sindano ya kutuliza na kulala, ugonjwa halisi unaendelea chini kwa chini. Sehemu ya wanaorudi ni hawa, na kipimo cha malaria, cha sukari na cha mkojo kingetosha kuwapunguza. Nasema haya kwa haraka kwa sababu waganga wanayajua. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyafanya kabla ya kuandika rufaa.

Pingamizi la pili ni tamu zaidi masikioni mwetu: kwamba familia ya Kiafrika humtunza mgonjwa wake, na kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe liliwahi kuthibitisha hilo. Ni kweli kwamba utafiti wake wa nchi tisa, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960, ulikuta wagonjwa wa skizofrenia wa Ibadan na Agra wakiendelea vizuri kuliko wa Ulaya na Marekani. Lakini wagonjwa hao walikuwa wa umri wa miaka 15 hadi 44. Kijana anayepona anarudi kuwa mkono wa kazi, na kaya ina kila sababu ya kumngoja. Mzee mgonjwa hana cha kurudisha shambani. Hata taifa liliwaza hivyo: vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili vilivyoanzishwa tangu mwaka 1969, kama Hombolo kule Dodoma na Vikuruti ya Dar es Salaam, vilikuwa wazo zuri la kuweka daraja kati ya wodi na nyumbani, ila mlango wake ulikuwa jembe. Asiyeweza kulima hakuwa na daraja. Kuisifu familia bila kuipa chochote ni njia rahisi ya serikali kujitoa.

Kuhusu waganga wa jadi, wapo wanaotaka wapigwe marufuku na wapo wanaowaona ndio wenye suluhisho. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua, na mwaka 2015 serikali iliwageukia wapiga ramli chonganishi baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Tofauti hiyo inatosha kutuongoza. Mganga anayempa mzee mahali pa kulala, chakula na mizizi isiyo na madhara huenda anafanya nusu ya kazi ya muuguzi, na afadhali zahanati ijue mzee yuko kwake, dawa zimfuate huko. Anayemfunga mnyororo au kutaja jina la jirani aliyemroga, huyo ni suala la polisi.

Mwisho watu watauliza fedha. Zanzibar imekuwa ikilipa pensheni kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi tangu Aprili 2016, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama alikuwa mwajiriwa. Bara hatuna, ingawa mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini unawafikia baadhi. Shilingi 20,000 haitibu skizofrenia. Inalipa bodaboda, na kwa hoja ya makala haya bodaboda ni kinga. Tena zipo hatua ambazo hazingojei pensheni. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwapata 137,294 kwa miaka mitano. Hawa wanaishi kitongojini, wanajua nani amehama na kaya gani inachomea dhahabu jikoni. Kila mzee anayeruhusiwa kutoka wodi ya akili angeweza kukabidhiwa kwa mmoja wao kwa jina na namba ya simu, pamoja na mtu mzima mmoja wa kaya aliyekubali mbele ya muuguzi, na atembelewe katika wiki mbili za kwanza. Wiki hizo ndizo hatari zaidi. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba ndizo zenye kujiua kwingi miongoni mwa waliotoka wodini, na huku kwetu familia huficha jaribio la kujiua kwa kuwa Kanuni ya Adhabu bado inaliita kosa. Afisa ustawi wa jamii aulize swali la macho na tuhuma kabla ya mzee kupanda gari, asisubiri taarifa ya polisi.

Wakubwa wa wizara wakubaliane na jambo moja mapema kabla hawajaanza. Mpango huu ukifanya kazi, mwaka wa kwanza namba za wazee wanaorudi wodini zitapanda. Watarudishwa waliokuwa wamefungwa vibandani, waliokuwa kwa waganga wa jadi, waliokuwa wakitetemeka kwa zebaki bila mtu kujua, na waliokuwa wameandikwa kwamba wamepona kwa sababu tu hawakuwa na nauli. Mganga Mkuu wa Mkoa atakayeletewa chati hiyo asiandikiwe barua ya kujieleza. Kinachopaswa kuulizwa katika kikao chake cha robo mwaka ni wangapi kati ya walioruhusiwa walitembelewa ndani ya siku 14, na wale ambao hawakupatikana, nani ametumwa kuwatafuta.